Siku Kobe Alipokimbizwa

Bwana Mhembano aliingia ofisi ya kata ya Chitope saa mbili na nusu asubuhi, amekumbatia mtungi wa naitrojeni kwa mikono miwili. Pikipiki yake aliiacha inaunguruma mlangoni, kwa sababu ikizimwa haiwaki tena mpaka isukumwe. Alikuwa bwana mifugo wa kata kwa miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo mtungi ule ulikuwa na kazi moja tu: kutunza mbegu za madume bora ndani ya baridi kali, kwenye mirija myembamba, mpaka apatikane ng'ombe wa kuhimilishwa. Leo ulikuwa umeazimwa kwa kazi ambayo hakuna ng'ombe aliyewahi kuiota.

"Weka hapo, baba. Taratibu," alisema Nyemo bila kuinua macho.

Nyemo Chidumizi, fundi kompyuta wa kata, alikuwa amepiga magoti mbele ya meza anaipaka bodi ya kompyuta mafuta ya mgando. Alipaka kwa kidole, kila pembe na kila tundu, hata mgongoni.

"Binti, hiyo ni mashine au ni mtoto anakwenda kubatizwa?"

"Baridi ikikolea, umande unatua. Umande ukigusa waya, tumekwisha. Mafuta yanauzuia." Akafuta kidole kwenye koti lake la kazi. "Nimemaliza kopo zima la mama. Nimesemwa asubuhi nzima."

Katikati ya bodi ile alikaa Kobe. Jina lake la vitabuni lilikuwa refu na la heshima, lakini nchi nzima ilimwita Kobe: prosesa ya bei chee kuliko zote, moja kwa kila kata, zote sawa, bila hata namba ya kumtofautisha huyu na yule. Usawa ndio uliokuwa hoja yenyewe. Tangu watu wajifunze kulikamua wingu, mvua ilikwenda kwa kata iliyotangulia kumaliza hesabu yake: upepo wa huko juu, unyevu, joto, na mahali ambapo mbayuwayu wamwage chumvi. Mbayuwayu hao walikuwa ndege wadogo wasio na rubani, wakikaa Kituo cha Mawingu wakisubiri kuitwa. Kata mbili zikiwa chini ya njia ya wingu moja, zilifunguliwa dirisha la hesabu kwa wakati mmoja. Kobe wa huku na Kobe wa kule walianza pamoja, kila mmoja kwa mwendo wake wa gigahezi tatu na nusu, na kila mmoja alihitaji dakika arobaini na moja. Mwenye bahati alitangulia kwa sekunde. Mwenye mkosi aliangalia mvua ya jirani.

Msimu huu Chitope iliangalia mvua ya majirani mara nne. Wingu la leo lilikuwa la mwisho. Uwele ulikuwa umefika kiunoni na umeanza kukunja majani, na bwana shamba alikuwa amesema waziwazi: milimita kumi na mbili ndani ya wiki hii, la sivyo mtavuna mabua. Ndiyo maana Nyemo alikuwa anakwenda kuvunja sheria.

Sheria ya Mwendo Sawa ilikuwa fupi. Fundi atakayemkimbiza Kobe kupita mwendo wake, jina lake linafutwa kwenye daftari la mafundi, na hatagusa mashine ya umma mpaka anazikwa. Kata yake haiadhibiwi, maana mvua ikishanyesha haizoleki. Na kujificha hakukuwapo, kwa sababu kila hesabu iliondoka na alama ya mwendo wake. Nyemo alilijua hilo. Alikuwa amelililia jana, akalimaliza. Leo alikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu ambaye tangu ana miaka kumi na minane alitamani kujua Kobe anaweza kukimbia kiasi gani, na sasa amepewa ruhusa na njaa.

"Mbukwenyi!" Mama Sechelela, mtendaji wa kata, aliingia akisalimu kwa Kigogo na kuufunga mlango kwa mgongo wake mpana.

"Mbukwa, mama."

"Nje kuna watu mia mbili na ndoo zao. Nimewaambia wasipige kelele, sasa wanasali kimyakimya, na hiyo ndiyo kelele inayoniumiza." Akamtazama Nyemo. "Hujabadili mawazo, mwanangu? Mimi ndiye niliyekuomba. Wakija kuuliza, nitasema hivyo hivyo."

"Hata usingeniomba, mama, ningekuja kukuomba mimi."

Akachukua chungu cha shaba alichokichonga mwenyewe kutoka kwenye bomba la kisima kilichokufa, akakikalisha juu ya Kobe, akakikaza kwa skrubu nne. Bwana Mhembano alikuwa ameinama anaangalia kwa hamu.

"Sasa huyu anakimbizwaje?"

"Ana mapigo ya msingi, megahezi mia moja. Halafu ana kizidisho, thelathini na tano. Zidisha, unapata elfu tatu na mia tano, ule mwendo wake wa gigahezi tatu na nusu. Kizidisho wamekipiga kufuli, hakiguswi. Lakini mapigo ya msingi wameyaacha wazi, maana walijua mtu akiyaongeza, joto litamuua Kobe kabla hajafika popote."

"Na wewe unamletea baridi."

"Namletea baridi yako, baba. Ila usimwage yote kwa pupa. Akipita nyuzi mia na kumi chini ya sifuri anaganda, anasahau hata jina lake. Akikimbizwa, akipanda juu ya hasi themanini anaungua. Tunamtaka katikati."

Bwana Mhembano akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa kwenye kazi yake. "Mimi nimeyeyusha mirija elfu kumi na moja kwa mkono huu, kila mmoja sekunde thelathini, na sijawahi kuangalia saa. Niachie." Akafungua mtungi. Moshi mweupe ukamwagika ukatambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya Mama Sechelela, naye akainua miguu. "Naitrojeni ikishuka mpaka vidole vinne, naacha. Chini ya hapo mbegu zinakufa. Humu ndani nina madume ambayo hayapo tena popote duniani."

Saa tatu kamili dirisha likafunguka.

*

Siku za mawingu, simu ya upepo ya Chitope na ya Lufukwe huachwa wazi, na hiyo haikuandikwa katika kanuni yoyote. Chitope ni Wagogo, Lufukwe ng'ambo ya korongo ni Wakaguru, na hao ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu. Walitaniana harusini, na msibani walitaniana zaidi, ambako mtani ana haki ya kuuiga mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa mpaka wacheke na machozi yao. Kwa hiyo kupiga hesabu ya wingu kimya, bila kumkera mtani, kungeonekana ni utovu wa adabu.

"Mgogo wangu, umeamkaje?" Sauti ya Yeremia Senyagwa, fundi wa Lufukwe, ilikuwa nzito na ya kivivu. "Umekwisha kula mlenda wako? Mkono usije ukateleza kwenye kitufe."

"Nyamaza, Mkaguru. Nyie mnapika maharage mpaka kuni zinazeeka." Nyemo alikuwa anacheka, huku mkono wake wa kulia unapandisha mapigo. Mia na kumi. Mia na ishirini. "Baba, mimina."

Bwana Mhembano akamimina. Chungu kikapiga yowe, shaba ikavaa weupe wa barafu, na namba kwenye kioo zikaanza kushuka. Hasi kumi. Hasi arobaini. Hasi tisini.

"Hapo hapo!"

Mia na arobaini. Kobe akavuka gigahezi nne na nusu wala hakustuka. Mia na sitini. Gigahezi tano na ushee. Prosesa ile, ambayo wauzaji wa mjini huitumia kuegeshea mlango usijifunge, ilikuwa inakwenda mwendo ambao hakuna kitabu chochote kilichosema itaufikia. Akapandisha tena, na kioo kikawa cheusi.

"Amekufa?" Mama Sechelela akashika kifua.

"Ameganda! Hasi mia na kumi na mbili! Baba, umezidisha, ngoja, ngoja..." Akachukua kiberiti cha gesi, akakipitisha chini ya ukingo wa chungu mara moja, mara mbili. Namba zikapanda. Kioo kikawaka, na hesabu ikaendelea pale pale ilipokatikia. "Anarudi! Jamani, anarudi!"

"Mbona kuna kelele huko?" Senyagwa aliuliza. "Au mmechinja?"

"Tunafukuza kuku ofisini," Nyemo akamjibu, na Mama Sechelela akaziba mdomo kwa khanga.

Mia na themanini. Gigahezi sita na pointi tatu. Bwana Mhembano alikuwa amekwisha kuupata mdundo: kijiko, kimya, kijiko, kimya, midomo inahesabu bila sauti, na namba ya joto ilikaa hasi tisini na tano haichezi. Nyemo alipomtazama akaona jasho linamtiririka mzee wa watu katikati ya baridi yote ile, na meno yote nje. Mpaka wakati huo hakuwa amejua kwamba bwana mifugo naye alikuwa anafurahia.

Dakika ya ishirini na nne kioo kikaandika: HESABU IMEKAMILIKA. CHITOPE, MILIMITA 31. WASILISHA?

Mama Sechelela akapiga kigelegele kimoja kifupi, akakimeza. "Wasilisha! Wasilisha, mwanangu!"

Kidole cha Nyemo kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kisha macho yake yakashuka mstari mmoja chini.

*

Mstari ule ulikuwapo tangu siku ya kwanza ya Kobe wa kwanza. Kila fundi wa nchi ile alikuwa ameuona mara mia na hakuna aliyeusoma, jinsi ambavyo hakuna anayesoma maandishi ya chini ya mfuko wa saruji. Uliandikwa siku zote: MGAWO: MUDA HAUTOSHI. Leo uliandikwa: MGAWO: DAKIKA 18.

"Nyemo," Mama Sechelela akaita.

"Mama, ngoja."

Akaitupia simu ya upepo koti lake isisikike, akaubonyeza mstari. Ukafunguka, na alivyozidi kusoma ndivyo nywele zilivyozidi kumsimama. Wingu lingeweza kugawanywa. Lilikuwa linaweza siku zote. Hesabu ya kuligawa ilihitaji zaidi ya nusu saa nyingine juu ya zile dakika arobaini na moja, na wingu huwa halingoji: dirisha hufungwa dakika ya arobaini na tano. Kobe wa kawaida asingefika, kwa hiyo kila mara programu ilijaribu, ikakata tamaa, ikaendelea. Miaka kumi na moja watu walifundishwa kwamba wingu moja lina mwenyewe mmoja, kumbe ni Kobe tu aliyekuwa mzito.

"Milimita kumi na nne huku, kumi na nne kule, tatu zinapotelea njiani," alisema. "Mama, tunaweza kunyesha kote. Chitope na Lufukwe. Wote."

"Kumi na nne?" Mama Sechelela hakufurahi hata kidogo. "Mkononi nina thelathini na moja. Thelathini na moja inajaza lambo. Ng'ombe watakunywa nini mpaka Desemba, hesabu?"

"Uwele unataka kumi na mbili."

"Na huyo Kobe wako akiungua kabla hajamaliza?"

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa mgumu. Hesabu ilikaa ndani ya Kobe mwenyewe na haikutoka mpaka iwasilishwe, au mgawo uliokamilika utumwe kwa kata ya pili. Akiungua, anakwenda nayo. Thelathini na moja inapotea, kumi na nne inapotea, na Lufukwe wanamaliza hesabu yao kwa mwendo wa kawaida na kulichukua wingu lote bila kuvunja sheria yoyote. Tena dakika kumi na nane zilikuwa nyingi mno. Ishirini na nne ukijumlisha kumi na nane ni arobaini na mbili, na Senyagwa angewasilisha kwenye arobaini na moja.

"Nitampandisha," Nyemo akasema. "Gigahezi saba. Kwa saba anamaliza dakika ya arobaini."

"Hakuna Kobe aliyewahi kufika saba."

"Hakuna aliyewahi kufika sita, mama."

Mama Sechelela akamwinamia mpaka nyuso zikakaribiana. "Nje nina watu mia mbili. Wananitegemea mimi, sikuwekwa hapa na Wakaguru. Lufukwe wana mtendaji wao, na ingekuwa ni yeye, angekuwa amekwisha kubonyeza."

Nyemo aliufikiria mwaka jana. Mwaka jana yeye mwenyewe alimwambia Senyagwa kwenye simu ya upepo kwamba dirisha limeahirishwa mpaka mchana. Senyagwa akaenda nyumbani kula ugali, na Chitope wakalichukua wingu wakiwa wamekaa. Ulikuwa utani, na Lufukwe waliucheka kwa sheria ya utani, wakamtungia Nyemo na wimbo. Kisha wakavuna nusu. Mwezi wa tisa aliwaona barabarani wanarudi na magunia ya chakula cha msaada vichwani, na walimpungia mkono. Tangu siku ile hakuwa ameutaja utani ule mbele ya mtu.

"Nikibonyeza hapa najua la kufanya na mvua," alisema. "Sijui la kufanya na mimi."

Bwana Mhembano akatikisa mtungi, akasikiliza, akaingiza kijiti cha kupimia. "Vidole vitano," akasema. "Kwa dakika kumi na sita za mwendo wa saba tutafika chini kabisa." Kisha akageukia meza ya mtendaji, akachukua chupa ya chai, akafungua mlango wa nyuma na kumwaga chai yote ya maziwa nje.

"Chai yangu!" Mama Sechelela akasema.

"Chupa nzuri hii. Inashika baridi kama inavyoshika moto." Akaanza kuhamisha mirija yake kwa koleo, mmoja mmoja, upesi kuliko macho, kisha akamimina naitrojeni kidogo juu yake na kufunga kifuniko kwa kukilegeza. "Madume yangu yatastahimili saa moja humu. Lambo likikauka, mama, tutachimba mchangani, tumezoea. Mpandishe, binti."

Nyemo akapandisha.

*

Mia na tisini Kobe alilia. Hakika alilia, mlio mwembamba wa umeme uliotoka kwenye bodi, na taa ya dari ikapungua. Mia na tisini na sita kioo kikacheza mistari. Nyemo akaongeza volti nukta moja, akaomba Mungu, akaongeza nyingine. Mia mbili.

Gigahezi saba.

"Saba!" alipiga kelele bila kujizuia. "Saba, jamani! Kobe yuko saba!"

"Saba ya nini?" ikauliza simu ya upepo.

Nyemo akaishika simu kwa mikono miwili. "Mtani, nisikilize vizuri. Nimemkimbiza Kobe. Nina hesabu ya mgawo hapa, wingu linagawanyika, kumi na nne kwako na kumi na nne kwangu. Inataka funguo za kata mbili. Nipe ufunguo wako."

Kikaja kicheko kirefu, cha tumboni, cha mtu anayejifuta machozi.

"Eeeh, mwaka huu umejiandaa! Mwaka jana dirisha limeahirishwa, mwaka huu wingu linagawanyika! Mwakani utaniambia jua limeolewa."

"Senyagwa, sitanii."

"Ndivyo ulivyosema mwaka jana. Kwa maneno hayo hayo."

Na kweli ndivyo alivyosema. Nyemo akafumba macho. Njia ya mwongo ni fupi, bibi yake alikuwa akisema, na leo alikuwa amefika mwisho wa yake.

"Hata ingekuwa kweli, mwenye funguo mbili ndiye angeandika mgawo," Senyagwa aliendelea, na utani ulikuwa umepungua sautini. "Anaweza kuandika nusu kwa nusu. Anaweza kuandika mia kwake na sifuri kwangu. Nina watoto watatu, Nyemo, na mwaka jana walinicheka huku njaa inawauma. Ufunguo sikupi. Kobe wangu amebakiza dakika kumi na tano, anakwenda kwa halali. Tukutane mwakani."

Dakika ya thelathini na sita, Bwana Mhembano akaugeuza mtungi chini juu na kugonga kitako. Dakika ya thelathini na saba, matone. Joto la Kobe likaanza kupanda: hasi tisini, hasi themanini na nane. Nje mtu alikuwa ameyasikia maneno dirishani, na sasa kishindo cha watu mia mbili kilikuwa kinasogea mlangoni, wanauliza mtendaji yuko wapi na kwa nini mvua haijaitwa.

Dakika ya thelathini na tisa, hasi themanini. Kobe akaanza kunuka.

"Maliza, mzee wangu," Nyemo alimnong'oneza Kobe. "Maliza, maliza, maliza."

Dakika ya arobaini: MGAWO UMEKAMILIKA.

Chini yake kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilisema CHITOPE, MILIMITA 31. Kingine kilisema MGAWO, FUNGUO MBILI. Cha kwanza kilikuwa kinataka kidole tu. Sekunde thelathini baadaye Senyagwa angemaliza, na hakuna kitufe ambacho kingefaa tena.

Nyemo akautuma mgawo kwenda Lufukwe. Kisha akainua simu ya upepo.

"Mtani, andika," alisema. "Huu ni ufunguo wa Chitope. Nne, tisa, tisa, sifuri..."

"Nyemo!" Mama Sechelela alipiga hatua moja kuelekea kwake.

"...mbili, saba, moja, tano..."

Mlango ukasukumwa. Mama Sechelela akasimama katikati, akamtazama fundi wake, akautazama mlango, na kwa sekunde nzima Nyemo hakujua mwanamke yule angemrukia nani. Kisha mtendaji akageuka na kuusukuma mlango kwa mgongo wake, miguu imekita sakafuni, na watu wa kata yake wakaugonga kwa nyuma.

"...tisa, tatu. Basi. Sasa funguo zote mbili unazo wewe. Andika utakavyo."

Juu ya meza kitu kikalia tap, kidogo tu, na uzi wa moshi ukapanda kutoka chini ya chungu cha shaba. Kioo kikazima. Kobe alikuwa ameungua, na kila kitu alichokijua kilikuwa sasa ng'ambo ya korongo.

*

Dakika arobaini na moja. Arobaini na mbili. Watu waliacha kugonga. Arobaini na tatu. Bwana Mhembano alikuwa ameshika chupa ya chai kifuani, anaangalia dari. Arobaini na nne.

Mtu alipiga ukelele nje. Nyemo alimpita mtendaji mlangoni kama hayupo, akatoka na mafuta mikononi. Mbayuwayu walikuwa wanakuja kutoka kusini, mia kadhaa, weusi chini ya wingu jeusi, kundi moja nene linalokwenda Lufukwe moja kwa moja. Kisha kundi likapasuka. Nusu ikaendelea, nusu ikageuza ubavu na kuja juu ya Chitope, chini mno hata watu wakainama, na tone la kwanza likampiga mtu kwenye ndoo, kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia.

Nini cha kusema juu ya dakika zilizofuata? Waliocheza walicheza. Waliolala chali kwenye tope walilala. Mama Sechelela, ambaye alikuwa anakwenda kuomba radhi kwa ajili ya lambo, alibebwa juu juu kabla hajafungua mdomo. Nyemo alilia na kucheka pamoja, akaacha mvua imwoshe mafuta ya mgando, na alikuwa na furaha ambayo hata kesho, bila leseni na bila kazi, asingeirudisha kwa mtu.

Taarifa ya Kituo cha Mawingu ilitoka saa sita. Bwana Mhembano aliisoma kwenye simu yake, akaisoma tena, akampa Nyemo.

*Wingu la mwisho wa msimu. Mgawo: Chitope nusu, Lufukwe nusu. Mwendo wa hesabu: gigahezi saba. Aliyepiga hesabu: Yeremia Senyagwa, Lufukwe. Jina lake limefutwa kwenye daftari la mafundi kuanzia leo.*

Nyemo alikimbilia ofisini. "Senyagwa! Senyagwa, umeandika nini?"

"Aa, Mgogo wangu." Ile sauti nzito, ya kivivu. "Nilifika kwenye mstari wa jina la aliyepiga hesabu. Nikasema, yaani huyu binti nchi nzima imjue kwamba ndiye aliyemfikisha Kobe saba? Nimeiba sifa. Mwenye kuiba kwa mtani hashtakiwi."

"Watoto wako watatu! Kazi yako!"

"Watoto wapo nje wanaogelea barabarani. Mimi nina miaka hamsini na miwili, macho yenyewe hayaoni skrubu. Wewe una wangapi? Ishirini na tisa? Umegundua jambo ambalo kata zote zinalihitaji, halafu ukae nyumbani unachambua mlenda? Toka hapa." Na kwa mara ya kwanza tangu wawekewe simu ile, akaizima yeye.

Nyemo akafungua skrubu nne. Akamng'oa Kobe kwenye bodi, mweusi katikati, bado ananuka moshi, akamfunga kwenye leso na kutoka mbio. Ofisi ya wilaya ilikuwa ng'ambo, kupita Lufukwe. Angemweka mezani, angesema ni wangu, ni mimi, nifuteni mimi.

Korongo lilikuwa limejaa. Maji mekundu ya mvua yake mwenyewe yalikuwa yanapita kwa nguvu, yamebeba magogo na mbuzi mmoja aliyekuwa hai bado na mwenye hasira. Hapakuwa na mtu ambaye angevuka leo. Na ng'ambo, juu ya jiwe, suruali imekunjwa magotini, alikuwa amesimama Senyagwa anaangalia maji.

Nyemo akamwinua Kobe juu kwa mikono miwili. "Nakwenda kuwaambia!" alipaza sauti kwa nguvu zake zote. "Ni mimi! Nitawaambia ni mimi!"

Senyagwa akaweka kiganja nyuma ya sikio. Akatikisa kichwa, akaonyesha maji kwa kidole, akainua mabega: hasikii. Nyemo akarudia. Akarudia tena mpaka sauti ikakauka, na kila mara yule mzee wa Kikaguru aliinamisha sikio kwa adabu kubwa, akatikisa kichwa, akainua mabega. Lakini alikuwa anacheka, na Nyemo aliyaona meno yake kutoka pale alipokuwa.

Basi akamfunga tena Kobe kwenye leso, akavua viatu, akakaa kwenye mchanga uliolowa kungoja maji yapungue.